Emacs na Org: Unapogeuza hati kuwa PDF, nani anaamua msimbo uendeshwe?

Watu wengi huchukulia kwamba kugeuza hati kuwa PDF ni sawa na kuipeleka kwenye mashine ya fotokopi: kilichoandikwa ndicho kitakachotoka. Kwa programu nyingi za kuandikia hilo ni kweli. Kwa wanaoandika kwa kutumia Org ndani ya Emacs, mambo ni tofauti. Hati ya Org inaweza kubeba amri za kompyuta katikati ya aya zake, na amri hizo zinaweza kuendeshwa pale pale unapoigeuza, kabla hujauona ukurasa wa kwanza. Zinaweza kukokotoa wastani, kuchora grafu au kupakua bei kutoka intaneti. Zinaweza pia kufuta folda.

Katika makala hii tunaeleza amri hizo huendeshwa lini, zinazuiwaje, na kwa nini njia ya kuzuia inayofaa kwa hati uliyoandika mwenyewe haitoshi kwa hati uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Tumewalenga zaidi wanafunzi, watafiti na waandishi wa takwimu ambao tayari wanaifahamu Org, ila hata ambaye hajawahi kuifungua ataweza kutufuata.

Neno moja kabla ya kuendelea. Tunasema "msimbo" kumaanisha maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta kama Python au R. Wapo wanaosema "kodi", lakini kodi kwa wengi wetu ni ile anayoifuata mwenye nyumba mwisho wa mwezi, kwa hiyo tutabaki na msimbo.

Org ilitoka wapi?

Emacs ni programu ya kuandikia maandishi matupu, yaani herufi tu, bila mitindo iliyofichwa nyuma yake. Chimbuko lake ni miaka ya 1970 katika taasisi ya MIT nchini Marekani, na GNU Emacs tunayoijua leo ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985. Org ilikuja baadaye sana, mwaka 2003. Aliyeianzisha, Carsten Dominik, ni mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam aliyekuwa akitafuta namna ya kupanga kazi na madokezo yake. Sehemu inayotuhusu leo inaitwa Babel. Iliandikwa na Eric Schulte na Dan Davison, na ikaingia rasmi katika Org toleo la 7 mwaka 2010.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Babel. Mwaka 1984 Donald Knuth alichapisha hoja kwamba programu iandikwe kama insha: maelezo ya binadamu na msimbo wa mashine vikae pamoja, vikisomwa kwa mfuatano. Watafiti walilipenda wazo hilo kwa sababu moja kubwa. Ripoti inayobeba hesabu zake inaweza kukaguliwa na mtu yeyote. Badala ya kuamini jedwali kwa macho, unaiendesha hesabu mwenyewe uone kama inatoa namba ile ile.

Kipande cha msimbo ndani ya hati ya Org huonekana hivi:

    #+begin_src python :results output :exports results
    mvua = [12, 0, 31, 8]
    print(sum(mvua) / len(mvua))
    #+end_src

Hapo tuna milimita za mvua za siku nne na amri ya kutafuta wastani. Ukiweka kishale ndani ya kipande hicho na kubonyeza C-c C-c, yaani Control na c mara mbili, Org huendesha Python na kuandika jibu, 12.75, chini ya kipande. Maneno yanayoanza na nukta mbili kwenye mstari wa kwanza ni maelekezo: yanaiambia Org ifanye nini na kipande hicho.

Kuonyesha ni jambo moja, kuendesha ni jingine

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na kwa maoni yetu majina yaliyotumika yamechangia. Kuna elekezo linaloitwa :exports na jingine linaloitwa :eval. Anayesoma haraka hudhani :exports ndilo linalotawala kila kinachotokea wakati wa kuhamisha hati. Sivyo.

Elekezo la :exports hujibu swali la msomaji: nini kitaonekana kwenye PDF? Lina majibu manne. Ukiandika code, utaonekana msimbo peke yake. Results, yataonekana matokeo peke yake. Both, vyote viwili. None, hakuna kitakachoonekana. Usipoandika kitu, Org huchukua code.

Elekezo la :eval hujibu swali la mwenye kompyuta: je, msimbo huu uendeshwe? Ukiandika never, hautaendeshwa kamwe, hata kwa C-c C-c. Ukiandika never-export, utaendeshwa ukiuamuru kwa mkono lakini si wakati wa kuhamisha hati. Ukiandika query, Emacs itakuuliza kila mara. Query-export, itakuuliza wakati wa kuhamisha tu.

Usiposema lolote kuhusu :eval, kila kipande kilichoombwa kutoa matokeo, yaani chenye results au both, huendeshwa upya unapohamisha hati. Hiyo ndiyo tabia ya msingi ya Org, na ndiyo humshangaza mgeni ambaye alishaendesha hesabu zake jana na anaona majibu yapo tayari kwenye faili.

Je, ukiandika :exports none umekizima kipande? Mara nyingi ndiyo, lakini kuna hali moja inayofaa kukumbukwa. Org huruhusu vipande kadhaa kushiriki kikao kimoja, kwa elekezo la :session, ili kigeu kilichotajwa juu kitumike na kipande cha chini. Kipande chenye kikao huendeshwa kimya kimya wakati wa kuhamisha hata kama kimewekewa none au code. Sababu yake inaeleweka: kipande cha tano kinaweza kutegemea alichokifanya cha kwanza, hivyo Org haiwezi kukiruka cha kwanza kwa sababu tu hakionyeshwi. Lakini kwa anayefikiri kwamba kuficha ni kuzuia, matokeo yake ni msimbo unaokwenda bila dalili yoyote kwenye karatasi.

Kwa hiyo, unapotaka kuzuia, tumia :eval. Unapotaka kuficha, tumia :exports. Unapotaka yote mawili, andika yote mawili.

Namba inayobadilika bila kuaga

Hatari ya kufutiwa faili ndiyo hutajwa kwanza katika mada hii, lakini kwa anayeandika ripoti iko hatari ya kila siku ambayo haina kelele.

Tuchukue mfano wa mwandishi anayeandaa ripoti ya bei za mahindi. Kipande cha msimbo ndani ya hati yake kinapakua thamani ya dola kutoka intaneti, kinabadilisha bei kuwa shilingi na kutoa jedwali. Jumatatu anaendesha, anasoma jedwali, anaandika chini yake kwamba bei imepanda ikilinganishwa na mwezi uliopita. Mhariri anasoma, anakubali. Ijumaa anahamisha hati kuwa PDF. Wakati wa kuhamisha, kipande kinaendeshwa upya na kupakua thamani ya Ijumaa. Jedwali linabadilika, ila sentensi aliyoiandika kwa mkono inabaki ilivyo. PDF inatoka ikisema bei imepanda, juu yake pana jedwali linalosema imeshuka, na hakuna onyo lolote lililojitokeza kwa sababu kwa upande wa kompyuta hakuna kosa.

Linalofanya jambo hili ligumu kugundua ni kwamba Org haihamishi hati yako yenyewe. Huchukua nakala, huendesha msimbo ndani ya nakala hiyo, hutoa PDF, kisha huitupa nakala. Matokeo mapya hayaandikwi kwenye faili ya asili. Mwandishi wetu akirudi kwenye faili yake Jumatatu inayofuata atakuta namba za zamani, zile zile alizozihakiki na mhariri, na atashangaa zile za kwenye PDF zimetoka wapi.

Tunasisitiza, nakala hiyo ni ya maandishi tu. Kama msimbo umefuta faili kwenye diski, faili imefutika kweli. Kama umetuma barua pepe, imekwenda.

Dawa ya hali hii ni mstari mmoja juu ya hati:

    #+PROPERTY: header-args :eval never-export

Mstari huo huhusu vipande vyote vya faili. Ukishauandika, weka kishale juu yake na ubonyeze C-c C-c, au funga faili na kuifungua tena, vinginevyo Org haitaujua. Kuanzia hapo, utaendesha hesabu kwa mkono unapotaka, kipande kimoja kimoja kwa C-c C-c au vyote kwa pamoja kwa C-c C-v b. Utayasoma matokeo, utahifadhi faili, na PDF itabeba yale yale uliyoyasoma. Faili na PDF zitasema kitu kimoja. Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa ripoti yoyote inayopitia mikono ya mhariri au msimamizi wa tasnifu.

Ina gharama yake. Matokeo yasipokuwepo kwenye faili, PDF itaacha pengo. Na yakiwa ya mwezi uliopita, PDF itayachapisha hivyo hivyo, pamoja na grafu ya zamani kama kipande hutoa picha. Jukumu la kuhakikisha namba ni za leo linahama kutoka kwa mashine kuja kwako. Sisi tunaona ni biashara nzuri, maana binadamu akisahau atakuwa amesahau kitu anachokifahamu.

Elekezo hilo linaweza pia kuwekwa kwa lugha moja tu, kwa kuandika header-args:python badala ya header-args, au kwa sura moja ya hati, kupitia sifa za kichwa cha sura. La karibu na kipande hushinda la mbali. Ukiweka never-export kwa faili nzima kisha kipande kimoja kikahitaji kuwa kipya kila mara, tarehe ya leo kwa mfano, andika :eval yes kwenye mstari wa kipande hicho na kitaachwa kiendeshwe.

Kuna njia ya katikati kwa wenye hesabu ndefu zinazochukua nusu saa: elekezo la :cache yes. Org hutengeneza alama ya utambulisho kutokana na msimbo na maelekezo yake, huiweka pembeni ya matokeo, na haitaendesha tena mpaka kimoja kati ya hivyo kibadilike. Lakini alama hiyo haijui lolote kuhusu faili ya data ambayo msimbo unaisoma. Ukibadilisha takwimu ndani ya faili ya CSV bila kugusa msimbo, Org itaona hakuna jipya na itakurudishia jibu la zamani.

Swali la ndiyo au hapana

Mpaka hapa tumezungumzia hati ya mtu mwenyewe. Org ina kinga nyingine inayokaa upande wa kompyuta, nje ya hati: mpangilio unaoitwa org-confirm-babel-evaluate. Kwa kawaida huwa umewashwa. Maana yake ni kwamba kabla ya kuendesha kipande chochote Emacs husimama na kukuuliza kama kweli unataka kukiendesha kwenye kompyuta yako, nawe unajibu yes au no. Ukijibu no, kipande kinarukwa na matokeo yaliyokuwepo yanabaki.

Kinga hii imejengwa kwa busara moja inayostahili kusifiwa. Hati haiwezi kuilegeza. Mtu akiandika ndani ya faili yake agizo la kuzima swali hilo, Emacs haitalichukua kama agizo salama. Itakuonyesha na kukuuliza kwanza. Agizo la kuwasha swali, hilo linakubaliwa bila mjadala. Na hata ile :eval yes tuliyoitaja haifuti swali. Hati inaruhusiwa kuwa kali kuliko mwenye kompyuta, hairuhusiwi kuwa laini kumliko.

Tatizo ni binadamu. Hati yenye vipande 40 huuliza maswali 40. Kufika swali la nane mtu hasomi tena, anaandika yes kwa mazoea. Kufika siku ya tatu anatafuta namna ya kulizima kabisa, na ushauri wa kuweka thamani ya nil ni rahisi kuupata. Anauweka kwenye faili ya mipangilio ya Emacs, anausahau. Kuanzia siku hiyo kila hati anayoihamisha inaendesha chochote ilicho nacho, iwe yake au ya mgeni.

Kama maswali yanakuchosha, usizime mlango mzima. Mpangilio huo unakubali kupewa kanuni ndogo inayoamua kwa kuangalia lugha ya kipande. Huu hapa mfano unaoacha swali kwa lugha zote isipokuwa dot, ambayo kazi yake ni kuchora michoro ya nukta na mistari:

    (setq org-confirm-babel-evaluate
          (lambda (lang body)
            (not (string= lang "dot"))))

Lugha ya ganda la mfumo, Python na Emacs Lisp zisiingizwe kwenye msamaha huo. Hizo zinaweza kufanya lolote ambalo wewe mwenyewe unaweza kufanya ukiwa umeketi mbele ya kompyuta.

Na bado kuna kizingiti kabla ya hapo: Org ikiwa mpya huweza kuendesha Emacs Lisp pekee. Python, R na nyingine huwashwa na mwenye kompyuta kupitia org-babel-load-languages. Tumeona miongozo inayoshauri kuwasha lugha 15 kwa mkupuo "ili usisumbuke baadaye". Washa unazotumia.

Hati ya mgeni

Sasa tufike kwenye jambo ambalo never-export haliwezi. Umetumiwa faili ya Org na mtu usiyemjua, au umeipakua, na unataka kuigeuza PDF uisome kwa raha. Je, ukiongeza mstari wa :eval never-export juu yake umejikinga?

Hapana. Maelekezo ya kipande yenyewe yanaweza kubeba msimbo. Mtu anaweza kuandika :var x= na kufuatisha mabano yenye amri ya Emacs Lisp, na amri hiyo hutathminiwa Org inaposoma maelekezo, hata kama kipande chenyewe kimezuiwa. Mwongozo rasmi wa Org unalisema wazi: never-export huzuia msimbo wa kipande lakini huacha maelekezo yafanye kazi. Ni elekezo la kuokoa muda na kutuliza namba. Halikutengenezwa kuwa ngao.

Kinachozuia vyote viwili, vipande na maelekezo yao, ni mpangilio mwingine wa upande wa kompyuta:

    (setq org-export-use-babel nil)

Ukishauweka, Babel haishiriki kabisa katika kuhamisha. Usishangae PDF ikitoka imevimba: kwa kuwa maelekezo yamepuuzwa, hata :exports none imepuuzwa, na misimbo iliyokuwa imefichwa itaonekana yote. Kwa hati ya mgeni hilo si baya. Ulikuwa unataka kujua kilichomo.

Hata hivyo mlango mmoja bado uko wazi, na unasahaulika sana. Org ina makro, yaani vifupisho vinavyopanuliwa wakati wa kuhamisha. Makro ambayo maelezo yake yanaanza na (eval hutathminiwa kama Emacs Lisp. Makro si kipande cha Babel. Hailiulizi lile swali la ndiyo au hapana, wala haizimwi na org-export-use-babel. Vivyo hivyo kuna agizo la #+INCLUDE, ambalo haliendeshi kitu bali huingiza faili nyingine ndani ya hati. Halichagui faili. Likiandikwa kwa ujanja linaweza kuchukua ufunguo wako wa siri kutoka folda ya .ssh na kuuweka ukurasa wa 90 wa PDF, ile ambayo umeombwa uirudishe kwa aliyekutumia.

Kwa hiyo tunashauri hati ya mgeni isomwe kwanza kama maandishi matupu, nje ya Emacs, kwa programu yoyote sahili ya kusomea. Tafuta ndani yake begin_src, src_ na call_, ambazo ni njia tatu za kuita msimbo, tafuta #+MACRO na (eval, tafuta #+INCLUDE na #+SETUPFILE, angalia kila :var inayofuatwa na mabano, na shuka mpaka mwisho kabisa wa faili uone kama pana sehemu inayoanza na Local Variables. Usichokielewa, kiulizie. Kama ni lazima uihamishe na bado una shaka, tumia akaunti nyingine ya kompyuta isiyo na faili zako.

Kusoma nje ya Emacs si woga uliopitiliza. Mwezi Machi 2024 wasimamizi wa Emacs walitoa toleo la 29.3 kwa dharura, na moja ya kasoro zilizozibwa ilikuwa kwamba msimbo wa Lisp uliweza kuendeshwa kwa kuwasha tu hali ya Org, bila hata kuhamisha hati. Tarehe 22 Juni mwaka huo huo likafuata toleo la 29.4, pamoja na Org 9.7.5, kuziba kasoro nyingine: kifupisho cha kiungo kiliweza kuita amri isiyo salama. Mwaka 2023 iliripotiwa nyingine katika sehemu ya Babel inayoshughulikia LaTeX, ambapo jina la faili lenye alama fulani liliweza kugeuka kuwa amri. Zote tatu zimezibwa. Kujua uko toleo gani, andika M-x emacs-version na M-x org-version. Ukiwa chini ya hayo, sasisha, au hakikisha msambazaji wa Linux yako ameweka viraka.

Wanaokumbuka kirusi cha Melissa cha mwaka 1999, kilichosambaa kupitia makro za hati za Word, watatambua kwamba hadithi ni ile ile. Microsoft yenyewe ilisubiri hadi 2022 ndipo ikaanza kuzuia kwa kawaida makro za faili zilizotoka intaneti. Hati ikishapewa uwezo wa kuamuru, kuna atakayeutumia.

Vipi kuhusu programu nyingine?

Wanafunzi wengi wa takwimu hawatumii Org. Wanatumia R Markdown au Jupyter, na tabia hazifanani. R Markdown huendesha vipande vyote kila unapotoa hati, isipokuwa vilivyoandikiwa eval=FALSE, na haiulizi swali. Jupyter ni kinyume: ukigeuza daftari kwa nbconvert, linatoka na matokeo yaliyohifadhiwa, na haliendeshwi mpaka uongeze --execute. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine hubeba mazoea ya alikotoka, na hapo ndipo ripoti hutoka na namba ambazo hakuzitarajia. Wanaotoa PDF kwa LaTeX wana la ziada la kuangalia: chaguo la -shell-escape, ambalo baadhi ya miongozo huliagiza kwa ajili ya kupamba msimbo kwa rangi, huiruhusu hati ya LaTeX kuita amri za mfumo. Liwashwe kwa hati zako mwenyewe tu.

Kompyuta inapofanya kazi peke yake

Lipo kundi moja la mwisho: wale ambao hati zao hugeuzwa na kompyuta usiku, bila mtu, kwa amri ya emacs --batch. Hapo lile swali la ndiyo au hapana halina wa kulijibu, na kazi hukwama au hukatika na ujumbe wa kosa. Njia ya mkato ni kuzima swali kwa nil. Kama seva hiyo inapokea hati kutoka kwa mtu zaidi ya mmoja, njia hiyo ya mkato inampa kila mwandishi wa hati funguo za seva.

Kwa seva ya namna hiyo, org-export-use-babel iwe nil, hesabu ziendeshwe na waandishi kwenye kompyuta zao, na faili zifike zikiwa na matokeo tayari. Kazi yenyewe ifanywe na akaunti isiyoweza kusoma wala kuandika nje ya folda yake, kwa sababu ya makro na #+INCLUDE tulizozitaja. Kama seva ni yako peke yako na hati ni zako, mstari wa never-export juu ya kila hati unatosha: kipande kilichozuiwa hakiulizi swali, hivyo kazi ya usiku haitakwama. Hakikisha tu kwamba mstari huo umeandikwa vizuri. Org haikulalamikii ukikosea tahajia ya never-export. Hulipuuza neno lisilojulikana na kurudi kwenye tabia yake ya msingi, ambayo ni kuendesha.